Gia, Mizunguko ya Injini na Lita Moja ya Petroli: Mada kwa Wahudumu wa Bodaboda na Mafundi wa Sarang'ombe

Wenyeviti, wahudumu na mafundi wa stage za Olympic, Ayany na Gatwekera hapa Kibera, pamoja na wageni wetu kutoka Kawangware, mmeacha kazi asubuhi ya leo. Saa hii ndiyo ya abiria wa kwenda kazini, na kila dakika mnayokaa hapa mmeilipia.

Nimeombwa nizungumzie mafuta. Tarehe 14 ya kila mwezi EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, hutangaza bei, na sote tunakumbuka mwaka 2023. Mwezi wa Septemba petroli hapa Nairobi ilivuka shilingi 200 kwa mara ya kwanza ikafika 211.64, na Oktoba ikapanda tena hadi 217.36. Mwaka uliofuata ilishuka, lakini haikurudi pale tulipoizoea. Hakuna aliyekaa humu ndani anayeweza kuibadilisha bei hiyo hata kwa senti moja. Kilicho mikononi mwetu ni kilomita ngapi tunazitoa kwenye lita, na hapo nina jambo moja la kusema. Mafuta mengi tunayoyapoteza Sarang'ombe hatuyapotezi kwa mwendo wa kasi, maana hapa kwetu hakuna pa kukimbilia. Tunayapoteza kwenye gia. Tunaiacha injini ipige kelele kwenye gia ya pili huku mkono wa mafuta umefunguliwa kidogo tu, wakati injini ya silinda moja hufanya kazi kwa unafuu ikiwa katika hali iliyo kinyume kabisa: mizunguko michache, mafuta yamefunguliwa vizuri.

Jambo hilo nitalieleza kwa hesabu, kisha tuone linavyokuwa kwenye miteremko yetu, kwa sababu kitabu cha mtengenezaji hakikuandikwa Gatwekera.

Injini tulizonazo

Tangu serikali ilipoondoa VAT kwenye pikipiki za chini ya cc 250, mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, stage zetu zimejaa Boxer, TVS, Honda, na za Kichina kama Haojin na Skygo. Majina ni mengi ila injini karibu zote ni za ukoo mmoja: silinda moja, mipigo minne, inapozwa na upepo. Nyingi za Kichina zimetokana na Honda CG125 ya katikati ya miaka ya 1970, ile ambayo vali zake husukumwa na fimbo badala ya kuzungushwa na cheni ya ndani. Ilitengenezwa makusudi kwa nchi ambazo oili inabadilishwa ikichelewa na vumbi ni jingi. Silinda yake ina upana wa milimita 56.5 na pistoni husafiri milimita 49.5. Boxer ya 150 ina upana wa milimita 56, lakini pistoni yake husafiri milimita 58.8. Injini ya safari ndefu namna hiyo kwa kawaida hutengenezwa ili ivute kuanzia chini, na ndiyo maana wengi wenu mkibeba magunia kutoka Toi Market mnaipenda.

Angalieni pia takwimu mbili za Boxer hiyo ya 150 ambazo huandikwa pamoja na watu husoma moja tu. Nguvu yake kamili, farasi 12, hupatikana kwenye mizunguko 7,500 kwa dakika. Lakini nguvu ya kukokota, ile inayokupandisha mlima, hufika kilele kwenye mizunguko 5,000. Baada ya hapo unaongeza kelele na kasi, ila kila pigo la pistoni linasukuma kwa nguvu iliyopungua. Anayepanda kutoka mtoni hadi barabara ya lami na injini ikilia 7,000 anadhani amepata msaada. Msaada ulibaki nyuma kwenye 5,000.

Kuna kikomo cha chini pia, na lazima tukiheshimu. Kwenye mipigo minne, silinda hulipua mafuta mara moja kwa kila mizunguko miwili. Mizunguko 3,000 kwa dakika ni milipuko 25 kwa sekunde. Ukishuka hadi 1,500 unabaki na milipuko 12 na nusu, na kati ya mlipuko na mlipuko injini inabebwa na uzito wa gurudumu lake la ndani peke yake. Hapo ndipo cheni inaanza kuruka, tanki linatetemeka katikati ya magoti, na ukifungua mafuta unasikia mgongano kama wa sarafu ndani ya mkebe. Gari la silinda nne lina milipuko mara nne zaidi na linaweza kuvumilia. Yetu haivumilii. Gia iliwekwa kwa sababu hii: injini ya petroli ina eneo dogo la kufanyia kazi vizuri, na dereva ndiye anayeishikilia ndani ya eneo hilo. Pikipiki za umeme ambazo sasa tunaziona mjini, za Roam, Ampersand na Spiro, hazimpi dereva gia za kubadilisha, kwa kuwa mota huvuta kwa nguvu tangu gurudumu likiwa limesimama.

Mafuta yanapotelea wapi

Sasa tufanye hesabu. Chukua pikipiki ya cc 150, dereva na abiria mmoja, jumla kilo 265 hivi. Kwenye lami tambarare, mwendo wa kilomita 40 kwa saa, kazi ya kushinda upepo na msuguano wa matairi inahitaji takriban kilowati moja. Hiyo ni kama farasi mmoja na theluthi, wakati injini ina 12. Kwa maneno mengine, ukipita polepole Karanja Road unatumia sehemu ndogo sana ya uwezo wa injini. Ukienda kilomita 80 kwa saa kwenye Southern Bypass, kazi inapanda hadi karibu kilowati tano, kwa sababu upepo hauongezeki sawa na mwendo. Ukiongeza mwendo maradufu, upepo unakukaza mara nne.

Kwa kuwa kazi ni ndogo, sehemu kubwa ya mafuta haisukumi pikipiki. Inaliwa na injini yenyewe, kwa njia mbili.

Ya kwanza ni msuguano wa pistoni, ringi, vali na gia ndani ya oili. Kila mzunguko una gharama yake, uwe umebeba abiria au hujabeba. Injini ya Boxer 150 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, pistoni inapanda na kushuka mara 100 kila sekunde, na mwendo wake wa wastani ni karibu mita 12 kwa sekunde. Kwenye 3,000 ni nusu ya hapo. Ukisafiri umbali uleule kwa muda uleule, lakini kwa mizunguko maradufu, umeulipia msuguano maradufu na zaidi.

Ya pili haionekani na ndiyo ambayo wengi hawaijui. Mkono wa mafuta ukiwa umefunguliwa kidogo, slaidi ya kabureta imeziba karibu koo lote. Pistoni ikishuka inapaswa kunyonya hewa kupitia upenyo mwembamba, na kunyonya huko ni kazi inayolipwa kwa petroli. Ukifungua zaidi, koo linapanuka, na pistoni inavuta hewa bila kuteseka. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kwenda kilomita 40 kwa saa bega kwa bega. Mmoja yuko gia ya pili, amefungua robo, injini inalia. Mwingine yuko gia ya juu, amefungua karibu nusu, injini imetulia. Wa pili ndiye anayetumia mafuta machache, ingawa mkono wake umefunguka zaidi. Naomba vijana mlishike hili, kwa sababu tumefundishana stage kwa stage kwamba kufungua mafuta ndiko kula mafuta. Kinachoamua ni mkono pamoja na mizunguko.

Isipokuwa ukifungua mpaka mwisho. Karibu na mwisho kabureta nyingi humwaga mafuta ya ziada ili kuilinda injini na joto. Nusu hadi robo tatu ndiyo sehemu yenye faida.

Pikipiki zetu nyingi hazina mita ya mizunguko, au iliyokuwepo ilikufa zamani. Dawa yake ipo, na baada ya chai tutaifanya hapa uani. Pikipiki inasimamishwa kwa stendi kubwa, plagi inatolewa ili injini izunguke bila kubana, gia inawekwa ya juu kabisa. Fundi anafungua kifuniko cha upande wa magneto. Tairi la nyuma linachorwa mstari kwa chaki sawa na mkono wa suingi. Mmoja anazungusha tairi kwa mkono mpaka chaki irudi ilipoanzia, mwenzake anahesabu magneto imezunguka mara ngapi. Nambari hiyo ndiyo siri ya pikipiki yako. Ndani yake kuna klachi, gia, na sproketi zote mbili.

Tuseme jibu ni 9. Tairi la nyuma la 3.00-17 likibeba watu husafiri karibu mita 1.8 kwa mzunguko mmoja. Kilomita 40 kwa saa ni mita 667 kwa dakika, yaani tairi linazunguka mara 370. Zidisha kwa 9: injini iko 3,300 kwenye gia ya juu. Rudi gia ya tatu, ambayo kwa kawaida ni fupi kwa kama theluthi moja, utakuwa karibu na 4,400. Gia ya pili utakaribia 6,300. Mwendo ni uleule, barabara ni ileile, abiria ni yuleyule, na injini moja inazunguka karibu mara mbili ya nyingine.

Kwa pikipiki ya gia nne yenye nambari hiyo, utaratibu ninaoupendekeza kwenye tambarare ni huu. Gia ya kwanza ni ya kung'oa tu, iachwe kabla ya kilomita 15 kwa saa. Ya pili mpaka 25. Ya tatu mpaka 35, kisha ya juu. Ukibadilisha hapo, injini itakuwa inatembea takriban kati ya 2,400 na 4,000, na mkono uufungue vizuri, usiogope. Ukiwa na abiria mzito au upepo wa usoni, ongeza kilomita tano kwenye kila hatua. Ukisikia tanki linatetemeka au sarafu zinagonga, umekwenda chini mno. Rudisha gia moja mara moja. Mtetemo huo ndio mpaka, na kila injini ina wake.

Jambo la kung'oa lina uzito wake pia. Nimeona wengi wakianza safari kwa gia ya pili, hasa baada ya kushusha abiria. Klachi inateleza mpaka mwendo wa tairi ulingane na wa injini, na muda wote huo nguvu inageuka joto. Ukianza na ya kwanza, kwa pikipiki ya mfano wetu klachi inakamata karibu kilomita 10 kwa saa. Ukianza na ya pili inakamata karibu 16. Nguvu inayochomwa huongezeka kwa mraba wa mwendo huo, kwa hiyo umechoma zaidi ya mara mbili na nusu kila unapoondoka. Na klachi zetu zinaoga ndani ya oili ileile ya injini. Unga wa sahani zinazoungua unazunguka na pistoni.

Jino moja mbele, matatu nyuma

Sasa nafika mahali ambapo mafundi na wahudumu huwa hawaelewani. Mteja anakuja na kusema: "Fundi, nibadilishie sproketi, hii haipandi." Mwingine kutoka Kawangware anakuja na kusema kinyume chake.

Sproketi ya mbele yenye meno 14 na ya nyuma yenye meno 42 inatupa uwiano wa 3. Ukiweka 15 mbele, uwiano unashuka hadi 2.8, na injini inapunguza mizunguko kwa karibu asilimia 7 katika kila gia. Ile 3,300 yetu inakuwa 3,100. Ukiweka 13, inapanda karibu asilimia 8, unafika karibu 3,600. Kupata mabadiliko sawa na jino moja la mbele, nyuma utahitaji meno matatu: 14 kwa 45 ni karibu sawa na 13 kwa 42. Ndiyo maana sproketi ya mbele ni ya kuangaliwa kwa makini. Ni ndogo, ni rahisi, inabadilishwa kwa dakika chache, na kosa lake ni kubwa.

Hesabu hiyo inawafanya watu waseme: basi tuweke 15 au 16 tuokoe mafuta. Kwa anayefanya kazi ya kupeleka mizigo kutoka Kawangware hadi Westlands au Karen, lami tupu, mzigo mwepesi, nakubaliana naye kwa 15. Atakaa gia ya juu sehemu kubwa ya safari na injini itapumua. Kwa anayelala na kuamka kati ya Kianda, Soweto West na Olympic, nasema hapana. Akiweka 15, ile gia ya juu haitamshika kabisa. Atabaki ya tatu. Ya tatu haitapanda. Atarudi ya pili. Kwenye kona ya matope ambapo ya kwanza ilikuwa inatembea yenyewe, sasa atashika klachi nusu. Gia ndefu usiyoweza kuitumia haikupunguzii chochote, na klachi inayoteleza inakula faida yote.

Kuweka 13 nako kuna gharama. Cheni inapojipinda kwenye sproketi ndogo inajikunja zaidi kwa kila kiungo, inachakaa upesi, na sproketi yenyewe inaisha meno. Mhudumu atapanda vizuri, kisha jioni atakapochukua abiria wa Ngong Road atakuwa akilia 5,400 kwa kilomita 60 badala ya 5,000. Kwa maoni yangu, 13 imfae yule tu ambaye kazi yake kweli ni mlima na mzigo: mitungi ya gesi, mawe, mifuko ya saruji. Wengine wote wa Sarang'ombe wabaki na ya kiwandani mpaka wapime.

Mkienda Kirinyaga Road kununua seti, msihesabu meno kwa macho. Hesabuni kwa kidole, jino kwa jino, na mwambieni muuzaji asubiri. Seti nyingi zimeandikwa kwenye boksi kitu kimoja na ndani kuna kingine. Na msichanganye cheni mpya na sproketi iliyochongoka. Cheni kavu yenye udongo mwekundu wa kwetu, au iliyolegea mpaka inapiga kifuniko, inakula nguvu kabla haijafika kwenye tairi. Tairi lisilo na upepo wa kutosha vivyo hivyo. Haya mnayajua, sitayarudia.

Juu ya mita 1,700

Kuna jambo ambalo halimhusu dereva wa Mombasa na linatuhusu sisi. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ina mgandamizo wa karibu asilimia 83 ya ule wa Likoni, pwani. Injini inapumua hewa nyepesi, kwa hiyo zile farasi 12 za kijitabu hapa ni kama 10. Pikipiki iliyofanya kazi Mombasa ikiletwa Kibera, mwenyewe husema imechoka. Haijachoka, imekosa hewa.

Kabureta nayo haijui iko wapi. Jeti yake inapitisha petroli kwa kufuata mwendo wa hewa kooni, na hewa ikiwa nyepesi mchanganyiko unazidi petroli. Iliyopangwa sawasawa pwani, hapa inaweza kuwa na petroli iliyozidi kwa asilimia 7 hadi 10. Unaiona kwenye plagi: nyeusi, masizi makavu yanayotoka kwa kidole. Plagi ya kahawia hafifu, rangi ya chai ya maziwa, ndiyo tunayoitaka. Plagi nyeupe ni hatari, maana mchanganyiko umekuwa mkavu na pistoni inachemka.

Kwa hiyo mafundi, kabla ya kugusa sproketi ya mtu, toeni plagi baada ya safari halisi yenye mzigo, si baada ya kuingurumisha stage. Ikiwa nyeusi, safisheni chujio la hewa kwanza; vumbi la Kibera peke yake linatosha kuifanya nyeusi. Kisha rekebisheni skrubu ya hewa injini ikiwa moto, na sindano ishushwe hatua moja kama ina nafasi. Jeti kubwa ibadilishwe kwa nambari ndogo inayofuata, iliyotengenezwa kiwandani. Naomba kwa dhati tuache kuziba jeti kwa uzi wa waya na kutoboa kifuniko cha chujio. Uzi huo hauna nambari, fundi atakayefuata hajui kilichofanyika, na mchanganyiko mkavu unaua pistoni ya mtu ambaye bado analipa mkopo wa pikipiki kila siku.

Faida moja ya kukaa juu ni kwamba mgandamizo ndani ya silinda umepungua, kwa hiyo injini inachelewa kugonga ukivuta kutoka chini. Lakini faida hiyo inapotea ukinunua petroli ya chupa iliyochanganywa na mafuta ya taa. Mafuta ya taa hugonga mapema. Tangu 2018 serikali imetoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuvunja biashara hiyo, na bado chupa zipo. Mtindo wa kuendesha ninaouhimiza leo, mizunguko michache na mafuta yaliyofunguliwa, unahitaji petroli safi. Ukiisikia injini inagonga katika gia ambayo jana haikugonga, shuku chupa kabla ya kumshuku fundi.

Kupanda na kuteremka

Kupanda kuna bei isiyoweza kukwepwa. Kuinua kilo 265 kwa mita 40 kwenda juu, hata kwa injini inayotumia mafuta yake vizuri kadiri ya uwezo wa injini hizi, kunahitaji takriban mililita 16 za petroli. Lita ikiwa shilingi 180, hiyo ni karibu shilingi 3 kwa mlima huo, bila kuhesabu mwendo wenyewe. Mkipanga nauli ya juu na nauli ya chini, mna haki ya kutofautisha.

Namna ya kupanda ndiyo inayoongeza au kupunguza. Chagua gia chini ya mlima, si katikati. Anayeingia mlimani na gia ya tatu, akasubiri injini ife, akashika klachi, akarudi ya pili, akarudi ya kwanza, amepoteza mwendo wote aliokuja nao na sasa anaulipia upya. Ingia na gia itakayokufikisha, injini kati ya 4,000 na 5,000, mkono nusu hadi robo tatu, usiguse klachi mpaka juu.

Kuteremka ndiko kwenye mjadala mrefu stage. Wengi huweka frii, yaani bila gia, wengine huzima injini kabisa kutoka Olympic hadi mtoni. Nitawaambia ukweli wa hesabu: kwa pikipiki ya kabureta, ukiteremka ndani ya gia na mafuta yamefungwa, injini inazungushwa kwa kasi na inaendelea kuvuta petroli kupitia jeti ndogo. Ukiweka frii inavuta kidogo tu, sawa na ikinguruma stage, na ukizima haivuti chochote. Anayesema frii inaokoa mafuta kwa kabureta hajakosea. Lakini kiasi chenyewe, kwa mteremko wa dakika moja, ni kidogo sana, na unakinunua kwa kuiacha breki ya injini kwenye njia ya mita mbili yenye matope, mtaro katikati, na mtoto wa shule mbele yako. Breki za dramu zilizolowa maji hazishiki mara ya kwanza. Sikubali biashara hiyo na siwashauri muifanye. Kwa pikipiki mpya za sindano ya kompyuta hata hesabu yenyewe inageuka, kwa sababu nyingi hukata petroli kabisa ukiteremka ndani ya gia, na ukiweka frii ndipo zinaanza kuinywa.

Mahali pa kuzima ni kwenye foleni. Naivasha Road jioni, taa za Junction, geti la estate unaposubiri mteja atafute pesa za M-Pesa: kama unajua utasimama zaidi ya nusu dakika, zima. Hapo huhatarishi mtu.

Kupima

Yote niliyosema yanaweza kuwa tofauti kwa pikipiki yako, na njia pekee ya kujua ni kupima. Zile kilomita zinazotajwa dukani zilipatikana kwa mtu mmoja, mwendo uleule, barabara laini. Hazikupatikana na mama aliyebeba gunia la sukumawiki.

Pima tanki kwa tanki. Jaza mpaka shingo ya tanki, pikipiki ikiwa imesimama wima kwenye stendi kubwa, mahali palepale pa kituo kilekile. Soma kilomita. Fanya kazi yako ya kawaida kwa siku kadhaa, uandike kila lita unayoongeza. Jaza tena vilevile, soma tena, gawanya. Siku moja haitoshi, kwa sababu mvua ikinyesha au abiria wakiwa wa mbali jibu linabadilika. Kwa wale walio na pikipiki za mita inayoendeshwa na gurudumu la mbele, na ndizo nyingi, kubadilisha sproketi hakuharibu kipimo cha kilomita. Waliokata kebo ya mita waiunganishe kwanza. Bila hiyo tunabahatisha.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Wiki hizi badilisha namna ya kupanga gia tu, usiguse kabureta. Ukishapata jibu, rekebisha kabureta. Sproketi iwe ya mwisho. Anayeweka mafuta ya shilingi 500 kwa siku akapunguza asilimia 15 anabaki na shilingi 75, na kwa siku 26 za kazi ni shilingi 1,950. Kwa mwenye mkopo hiyo ni pesa ya kutajwa.

Pendekezo langu kwa wenyeviti ni kwamba kila stage iwe na daftari moja, linalokaa na mweka hazina. Safu zake ziwe tarehe, aina ya pikipiki na cc, meno ya mbele na ya nyuma, ile nambari ya magneto kwa tairi, kilomita, lita, na njia aliyofanyia kazi: mlima, lami, au mchanganyiko. Tukiwa na kurasa za Olympic kando ya kurasa za Kawangware, fundi ataacha kubahatisha 13 au 15, na kijana anayenunua pikipiki ya kwanza ataona wenzake wamepata nini hapa hapa mtaani. Kwa leo chaki ninayo, spana ya plagi ninayo. Nahitaji pikipiki mbili, moja ya sproketi ya kiwandani na moja iliyobadilishwa, tuanze kuhesabu.